Swali Kwanza, Kozi Baadaye

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa. Kwa miezi mitatu, hadi katikati ya Agosti, Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kwa mkazi wa Dar es Salaam ilikuwa habari ya dakika moja redioni. Kwa mkazi wa Kibirizi, Ujiji au Mwamgongo, mwambaoni Kigoma, ilikuwa habari ya ada ya shule, marejesho ya kikoba, mafuta ya injini yaliyochukuliwa kwa deni na kitoweo cha jioni.

Ukiuliza jambo hilo ni la fani gani, utapata majibu mengi. Mtaalamu wa samaki atazungumzia mayai, makinda na ukubwa wa matundu ya wavu. Mtaalamu wa tabianchi atasema ziwa limepata joto na maji ya juu hayachanganyiki na ya chini kama zamani. Mwanasheria atauliza mvuvi wa Kalemie, ng'ambo ya pili, anabanwa na sheria ipi. Mchumi atataka kujua nani anabeba gharama ya miezi mitatu bila kipato, na mtu wa afya atauliza watoto watapata wapi protini. Kila mmoja anasema kweli. Lakini kila mmoja alisomea katika jengo lake, akafanya mitihani yake na kuhitimu bila kulazimika kukaa meza moja na wenzake.

Basi kijana wa Kigoma anayetaka kulielewa ziwa lote, wala si kipande chake, asome nini?

Katika baadhi ya vyuo duniani, hasa Marekani, jibu ni kwamba ajitungie kozi mwenyewe. Hachukui kozi iliyopangwa na idara moja toka mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Anaweka swali lake mezani, kisha anakusanya masomo kutoka idara mbalimbali yatakayomsaidia kulijibu, na chuo kinamtunuku shahada kwa mpango huo. Mtindo huu ulishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati vijana wa vyuo walipokuwa wakihoji karibu kila kitu. Katika Chuo Kikuu cha Brown, wanafunzi wawili, Ira Magaziner na Elliot Maxwell, waliandika ripoti ndefu kuhusu namna mitaala inavyopaswa kubadilika, na mwaka 1969 wahadhiri wakaipitisha misingi yake. Mwaka 1970 Chuo cha Hampshire kilifunguliwa huko Massachusetts kwa wazo hilohilo: kila mwanafunzi na mpango wake. Chuo cha Atlantic, katika jimbo la Maine, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza 32 mwaka 1972.

Utaratibu wenyewe una masharti kuliko watu wanavyodhani. Mwanafunzi huandika andiko. Ndani yake hutaja swali, huorodhesha masomo na mpangilio wake, na hueleza kwa nini hakuna kozi iliyopo inayomtosha. Hutafuta wahadhiri wa kumsimamia, na hiyo peke yake ni kazi, kwa sababu hakuna mhadhiri anayelazimishwa. Andiko huenda mbele ya kamati, na kamati hulirudisha likiwa limejaa wino. Akikubaliwa, mwishoni anadaiwa kazi kubwa ya kufungia masomo. Katika shule ya Gallatin ya Chuo Kikuu cha New York, kwa mfano, mwanafunzi huandaa orodha ya vitabu ishirini na kitu alivyosoma, kisha huketi mbele ya wahadhiri na kuvijadili kwa mdomo kuhusiana na swali lake. Hakuna pa kujificha katika mtihani wa namna hiyo.

Hata hivyo mtu wa Kigoma hana haja ya kwenda Massachusetts kutafuta mfano. Mfano mmojawapo mkubwa kabisa uko kilomita kama kumi na sita kaskazini ya mji wake, safari ya boti ukipita vijiji vya pwani.

Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall, msichana Mwingereza wa miaka 26, alishuka kwenye ufuko wa Gombe akiwa na mama yake na mpishi. Mama alikuja kwa sababu serikali ya kikoloni haikukubali msichana akae porini peke yake. Goodall hakuwa na shahada yoyote. Alipomaliza sekondari alisomea uhazili, maana nyumbani hapakuwa na fedha za chuo kikuu. Aliyemtuma, Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale aliyezaliwa Kabete nchini Kenya, alikuwa na swali ambalo idara za wakati ule ziligawana vipandevipande: maisha ya sokwe mtu yanaweza kutufundisha nini kuhusu wahenga wa binadamu? Wataalamu wa mabaki ya kale walikuwa na mifupa. Wataalamu wa wanyama walikuwa na sokwe wa vizimbani. Wataalamu wa jamii walikuwa na watu. Aliyekosekana ni mtu wa kukaa msituni muda mrefu na kutazama.

Kabla mwaka haujaisha Goodall alikuwa amemwona sokwe dume, aliyempa jina David Greybeard, akichomeka bua la nyasi katika kichuguu, akalitoa likiwa limeng'ang'aniwa na mchwa, akawala. Aliona pia vitawi vikipukutishwa majani kwanza ili vifae kwa kazi hiyo. Hadi wakati huo kutengeneza zana kulihesabiwa kuwa alama ya binadamu peke yake. Leakey alijua kwamba ugunduzi huo hautasikilizwa ukitoka kinywani mwa mtu asiye na cheti, hivyo mwaka 1962 alimpatia nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu Cambridge, bila kupitia shahada ya kwanza. Watu waliopata upendeleo huo katika historia ya chuo hicho ni wachache sana.

Ni hapa ambapo habari ya Goodall inamfaa mwanafunzi anayetaka kuchanganya fani, na ni hapa ambapo husimuliwa vibaya. Mara nyingi watu husema maprofesa walimkatalia majina na hisia za sokwe, naye akawashinda. Ni kweli aliambiwa sokwe wapewe namba. Lakini msimamizi wake, Robert Hinde, alimfundisha kitu ambacho msitu haukuweza kumfundisha. Goodall aliwahi kuandika kwamba sokwe mdogo, Fifi, alimwonea wivu mdogo wake. Hinde akamwambia hawezi kulithibitisha hilo. Badala ya kumwamuru afute, akamwelekeza aandike kwamba Fifi alitenda kwa namna ambayo, kama angekuwa mtoto wa binadamu, tungesema ana wivu. Sentensi ikabaki na ukweli wake na hakuna aliyeweza kuibomoa. Maisha yake yote, hadi alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, Goodall alimshukuru Hinde kwa malezi hayo ya fikra. Anayejitungia kozi bila kupitia mikononi mwa fani moja inayombana hivyo huishia kujua majina ya mambo mengi na kutothibitisha hata moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gombe ikaunganishwa na chuo kikuu kwa namna ya wazi zaidi. Chuo Kikuu cha Stanford, California, kilikuwa kimeanzisha kozi ya shahada ya kwanza iliyoitwa Biolojia ya Binadamu. Waanzilishi wake, miongoni mwao daktari wa magonjwa ya akili David Hamburg na mwanabiolojia Donald Kennedy, waliona kwamba njaa, ongezeko la watu, magonjwa na uharibifu wa mazingira ni mambo yasiyojali mipaka ya idara. Wanafunzi walisikiliza mihadhara ya aina mbili iliyokwenda sambamba, moja ya biolojia na nyingine ya tabia na jamii, kisha kila mmoja akajipangia eneo lake la kubobea. Goodall alialikwa kufundisha huko. Na wanafunzi wa kozi hiyo wakaanza kuletwa Gombe, wakakaa miezi kadhaa wakiwafuata sokwe na nyani tangu wanapoamka hadi wanapojenga viota vya kulalia.

Kwa hiyo kati ya vijana wa mwanzo kusoma shahada yenye sehemu ya kujipangia, baadhi walijifunzia mwambao wa Tanganyika, wakila dagaa wa Kigoma na kutembea nyuma ya wenyeji waliozijua njia za msitu.

Mambo yalikatika ghafla. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wapatao arobaini wenye silaha, wafuasi wa Laurent Kabila waliokuwa wakiipinga serikali ya Mobutu, walivuka ziwa kutoka Zaire, wakavamia kambi na kuwachukua mateka vijana wanne: wanafunzi watatu wa Stanford na msaidizi wa utafiti kutoka Uholanzi. Hamburg aliruka hadi Kigoma kushughulikia kuachiwa kwao. Wiki nyingi za mazungumzo na fedha ya kikombozi zilipita kabla wote hawajarudi salama. Baada ya hapo Gombe haikuwa tena darasa la wanafunzi wa kigeni. Kwa miaka mingi wageni walizuiwa au walikuja kwa tahadhari kubwa.

Utafiti haukusimama hata hivyo. Waliouendeleza ni wasaidizi wa Kitanzania, wengi wao kutoka vijiji vya jirani: Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono na wenzao. Walikuwa wamefundishwa kuchukua kumbukumbu: sokwe gani yuko na nani, amekula nini, amepita wapi, saa ngapi. Waliendelea kuwafuata sokwe siku nzima na kuandika kwa mkono, kwa Kiswahili, na maandishi yao yakaja kutafsiriwa na kuingizwa katika kompyuta huko Marekani. Kitabu kikubwa cha Goodall cha mwaka 1986 kuhusu sokwe wa Gombe kimesimama kwa sehemu kubwa juu ya kazi hiyo. Hawa walikuwa wanaijua mimea kwa majina ya Kiha, wanazijua tabia za wanyama, wanajua kupima muda na umbali, na waliweza kueleza kijijini kwao kwa nini sokwe asiuawe. Hakuna chuo kilichowapa shahada ya mchanganyiko huo. Maarifa waliyokuwa nayo yangetosha kuipamba kozi yoyote, na ni halali kusema hivyo kwa sauti.

Mfano wa pili unatoka majini. Kuanzia mwaka 1998, na kwa misimu kadhaa iliyofuata, Chuo Kikuu cha Arizona kiliendesha mafunzo ya utafiti mjini Kigoma yaliyoitwa Mradi wa Nyanza, yakiongozwa na mwanajiolojia Andrew Cohen na kupokelewa katika kituo cha TAFIRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa uvuvi. Wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka Marekani na kutoka nchi za ziwa walikaa pamoja wiki kadhaa wakati wa kiangazi. Huyu alisomea miamba, yule samaki, mwingine kemia ya maji. Kila mmoja alitakiwa kuja na swali lake dogo, kulifanyia utafiti na kuliandikia ripoti, na boti ilikuwa moja kwa wote.

Faida ya kuwaweka watu hao katika boti moja inaonekana ukilitazama ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina. Maji ya chini, kuanzia kama mita mia na kidogo kaskazini na mia mbili hivi kusini, hayana oksijeni, lakini yana virutubisho. Upepo wa kusi, unaovuma takriban Mei hadi Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na yale ya chini yakapanda kusini kujaza nafasi. Virutubisho vikifika kwenye mwanga, vijimea vidogo huota, vijidudu huvila, dagaa huvila vijidudu, na mgebuka humla dagaa. Ziwa likipata joto upande wa juu, maji hugawanyika kwa matabaka, upepo unashindwa kuyachanganya, na chakula cha dagaa kinabaki kimefungiwa gizani.

Mwaka 2003 kundi la watafiti likiongozwa na Catherine O'Reilly, aliyekuwa pia miongoni mwa wakufunzi wa Mradi wa Nyanza, lilichapisha katika jarida la Nature makala iliyoeleza kwamba uzalishaji wa vijimea ziwani huenda umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kumaanisha samaki pungufu kwa karibu asilimia 30. Ili kufika hapo ilibidi wasome vipimo vya joto vya miaka tangu enzi za wakoloni, kumbukumbu za upepo, na matope ya chini ya ziwa, ambayo hujilimbikiza tabaka kwa tabaka na kuhifadhi kemia ya kila kizazi. Mtaalamu wa samaki peke yake angelaumu nyavu. Mtaalamu wa hali ya hewa peke yake asingejua habari ya dagaa. Na miaka iliyofuata Cohen na wenzake walionyesha kwa kutumia mashapo hayohayo kwamba kupungua kwa samaki kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kushamiri. Hii haina maana kwamba uvuvi hauna kosa. Ina maana kwamba kufunga ziwa miezi mitatu ni dawa ya sehemu tu ya ugonjwa, na mvuvi anastahili kuelezwa hivyo.

Kuna mfano wa tatu, wa nchi kavu, na huu hata haukuanzishwa na chuo. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha Kigoma mradi wa TACARE, kwa lengo la kupanda miti kwenye milima iliyokuwa imebaki mitupu kuzunguka Gombe. Ulianza na vitalu vya miche. Wanavijiji walipoulizwa wanataka nini, miti haikutajwa kwanza. Walitaja maji, zahanati na shule. Waendeshaji wakabadili mwelekeo. Mradi wa misitu ukaingiza maji ya bomba, uzazi wa mpango, mikopo midogo kwa wanawake, ufadhili wa wasichana mashuleni na kahawa ya Kalinzi. Baadaye ukaingiza picha za setilaiti: Lilian Pintea, mtaalamu wa ramani na uhifadhi, alilinganisha picha za 1972 na za 1999, na upotevu wa msitu nje ya hifadhi ukaonekana waziwazi. Picha kubwa zilizochapishwa zikapelekwa vijijini, wazee wakainama juu yake na kuonyesha kwa kidole chemchemi, makaburi, njia za zamani na mashamba, na kutokana na vikao hivyo ikatengenezwa mipango ya matumizi bora ya ardhi. Udongo wa mlimani unaomomonyokea ziwani hufunika miamba wanakoishi samaki wadogo wenye rangi. Kwa hiyo shamba la muhogo lililo juu ya kijiji na wavu ulio chini yake ni mambo ya swali moja.

Sasa turudi kwa kijana wetu, tumfikirie binti wa Ujiji aliyemaliza kidato cha nne.

Kikwazo chake cha kwanza hakiko chuo kikuu. Kiko kidato cha tano, kwenye tahasusi, yaani kundi la masomo. Akiwa na miaka kumi na saba hivi huambiwa achague: PCB, CBG, HGL, EGM. Akienda HGL (historia, jiografia na lugha), milango ya sayansi ya uvuvi inafungwa, kwa sababu kila kozi katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataja masomo ambayo mwombaji lazima awe amefaulu. Machi 2024 serikali ilitangaza kuongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65, na hilo ni jambo jema, ingawa shule yenye walimu wachache haiwezi kufundisha tahasusi nyingi hata zikiandikwa kwenye waraka. Ushauri wa maana kwa binti huyu ni kwamba ashike CBG ikiwa anaiweza: kemia, biolojia na jiografia humwacha karibu na ziwa na karibu na watu pia.

Kikwazo cha pili ni ithibati. Hakuna chuo nchini kinachoweza kudahili wanafunzi katika kozi isiyotambuliwa na TCU, na kozi ya mtu mmoja haiwezi kupelekwa TCU kila Oktoba. Hata hivyo mfumo wa krediti tayari upo. Shahada ya miaka mitatu hudai krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni kama saa kumi za kujifunza. Ndani ya kozi nyingi kuna masomo ya lazima na ya hiari, ambayo wanafunzi huyaita opsheni. Hapo ndipo mwanafunzi mwenye swali anapoweza kujitungia sehemu ya kozi yake leo, bila kusubiri sheria mpya: achukue opsheni kwa kufuata swali lake badala ya kufuata wanaosema somo lipi ni rahisi.

Kuhusu sheria, Chuo cha Atlantic kule Maine kina jibu linalostahili kuigwa. Kila mhitimu wake, awe amesomea nyangumi au mashairi, hupata shahada ya jina moja: ikolojia ya binadamu. Jina ni moja, yaliyomo yanatofautiana. Chuo cha Kitanzania kinaweza kupata ithibati ya kozi moja ya taaluma mseto yenye nguzo zilizotajwa (takwimu, mbinu za utafiti, fani moja ya kubobea, tasnifu), kisha kikaacha sehemu iliyobaki ijazwe na andiko la mwanafunzi. Kigali, upande wa pili wa Burundi, Chuo Kikuu cha African Leadership kimekwenda mbali katika njia hiyo. Mwanzilishi wake, Fred Swaniker, amekuwa akisema kwamba mwanafunzi atangaze dhamira anayotaka kuitumikia kabla ya kutangaza kozi.

Si kwamba Tanzania haijawahi kujaribu kubomoa kuta hizi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuliwaka mjadala juu ya chuo kikuu kinachofaa nchi ya kijamaa. Katika miaka iliyofuata, ambamo mwanahistoria Walter Rodney na wenzake walifundisha hapo, likazaliwa somo la pamoja kwa wanafunzi wa fani zote, na mwaka 1973 Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Hadi leo wanafunzi wa uhandisi husoma somo hilo la maendeleo, DS. Wazo lilikuwa kubwa: mhandisi aijue historia ya nchi anayoijengea. Lakini lilikuwa somo la lazima lililopangwa kutoka juu, na wengi walilipita kama kizuizi cha barabarani. Tofauti ya kozi ya kujitungia ni kwamba mwanafunzi ndiye anayedai maarifa ya jirani, kwa sababu ameyakosa katika kazi yake.

Tufanye mfano wa karibu. Binti wa Ujiji amemwona mama yake akipoteza dagaa kila masika: mvua inanyesha, mchanga umelowa, mzigo unaoza kabla ya kufika kwa mnunuzi. Swali lake linaweza kuwa: kwa nini dagaa huharibika Kibirizi na Ujiji wakati wa mvua, na nani hubeba hasara hiyo? Swali hilo linamdai mikrobiolojia ya chakula, ili ajue samaki anaozaje. Linamdai fizikia kidogo ya ukaushaji, ili alinganishe mchanga, chanja na vikaushio vya jua. Linamdai hali ya hewa, uchumi wa masoko ya Kigoma, Dar es Salaam na Kongo, na taaluma za jinsia, kwa kuwa wanaovua wengi ni wanaume na wanaoanika wengi ni wanawake. Linamdai sheria za uvuvi, maana miezi mitatu ya kufungwa ziwa hubadilisha kila hesabu. Na linamdai takwimu, hiyo bila mjadala, kwa sababu bila takwimu atabaki na masimulizi ya mama yake tu. Akiiweka sayansi ya chakula kuwa nguzo yake na mengine yakaizunguka, ana kozi kamili.

Mwajiri je? Hofu hii ni ya haki. Matangazo ya kazi za serikali hutaja shahada kwa majina, na afisa anayechambua maombi hana muda wa kusoma andiko la mtu. Bodi ya Mikopo nayo hupanga vipaumbele kwa makundi ya kozi. Kwa hiyo, kwa sasa, njia salama ni kuingia katika kozi yenye jina linalojulikana (uvuvi, sayansi ya chakula, mazingira, afya ya jamii) na kuubeba mseto ndani yake kwa opsheni, kwa mafunzo kwa vitendo na kwa utafiti wa mwaka wa mwisho. Miradi inayofanya kazi mwambaoni inahitaji watu wa aina hiyo. Mradi wa Tuungane, ulioanzishwa kusini kuelekea Mahale, umeunganisha afya ya uzazi, uvuvi na misitu chini ya jina moja.

Na walimu wa kozi kama hiyo tayari wako ndani ya manispaa moja au jirani nayo. TAFIRI iko Kigoma. FETA, wakala wa elimu ya uvuvi, una kampasi Kigoma. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinashughulikia michikichi, zao ambalo serikali imelisukuma sana tangu 2018 na ambalo linabadilisha milima ya mkoa. Chuo Kikuu Huria kina kituo cha mkoa. Gombe ina kituo cha utafiti chenye kumbukumbu za zaidi ya miaka sitini. Na kupitia HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu, Chuo Kikuu cha Muhimbili kinaleta kampasi Kigoma. Taasisi hizi zikikubaliana kutambuana krediti, mwanafunzi wa afya wa kampasi hiyo anaweza kukaa muhula mmoja TAFIRI akisoma dagaa kama chakula cha mtoto, msimamizi wake wa pili akawa afisa uvuvi wa Kibirizi, na tasnifu yake ikasomwa kwa sauti mbele ya kikundi cha usimamizi wa mwalo (BMU) kabla ya kufungwa jalada. Makubaliano ya namna hiyo hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji wakuu wa taasisi tano au sita kukutana Kigoma mjini na kuyatia saini kabla wanafunzi wa kwanza hawajaripoti.